UZI: Kuwaita tena marubani wastaafu wa jeshi. Upungufu uko wapi hasa, na mstaafu akalishwe kiti kipi?

Mwambani (mwanzisha uzi)

Wanatanga na wageni wetu, habari za kutwa.

Tulipokuwa tunajadili uwanja wetu wa ndege, mazungumzo yalihamia kwa marubani wa kijeshi. Wengi waliona dawa ya upungufu ni nyepesi: waite wastaafu, kazi wanaijua, basi. Nimefungua uzi kwa sababu jibu hilo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayogharimu ndege na roho za watu. Nachukua Marekani kwa kuwa mambo yao yako hadharani. Habari za vikosi vyetu si za kumwagwa hapa, tuheshimiane kwa hilo tangu mwanzo.

Mwishoni mwa mwaka wa fedha 2016 jeshi la anga la Marekani lilikuwa pungufu marubani 1,555, na kati yao 1,211 ni wa ndege za mapigano. Novemba 2017 waziri wa jeshi hilo, Heather Wilson, akasema pengo limefika karibu 2,000. Jeshi lenyewe linahitaji kama 20,000, kwa hiyo kila viti kumi, kimoja kitupu.

Oktoba 20, 2017 Rais Donald Trump alisaini amri ya kurekebisha amri namba 13223 ya kuita wanajeshi wa akiba, ile aliyoitoa George W. Bush Septemba 14, 2001, siku tatu baada ya mashambulizi ya Septemba 11. Kwa kawaida sheria yao inaweka kikomo cha maofisa wastaafu 25 tu wanaoweza kurudishwa katika jeshi moja. Marekebisho yalifungua mlango hadi 1,000. Magazeti yakaandika kana kwamba wazee wanakwenda kuchukuliwa majumbani. Jeshi la anga likatamka kwamba halikusudii kumwita mtu kwa lazima, likaendelea na mpango wake wa hiari ulioanza mwaka huohuo kwa nafasi 25, na mwaka 2018 ukapanuliwa kufika 1,000.

Someni masharti ya mpango ule wa hiari, maana ndiyo yanayoonyesha walichokuwa wanakitafuta. Vyeo vya kapteni, meja na luteni kanali. Umri chini ya miaka 60. Kwa kazi ya kurusha ndege, mwombaji awe alikuwa na sifa ya kurusha ndege ya jeshi ndani ya miaka 5 iliyopita. Kwa kazi ya ofisini inayotaka ujuzi wa urubani, ndani ya miaka 10. Mkataba wa miezi 24 hadi 48. Hakuna kupandishwa cheo, hakuna bonasi ya urubani. Aliyestaafishwa kwa ulemavu wa mwili hapokelewi.

Kanali na majenerali hawamo. Kipindi cha ofisini ni maradufu ya kile cha angani. Msimamo wangu nauweka mezani mapema: mstaafu anaitwa ili akalie meza na kiti cha mkufunzi, yule kijana aliyefungwa kwenye meza hiyo arudi kuruka. Anayefikiri mstaafu anaitwa aende mstari wa mbele hajasoma masharti hayo. Karibuni.

Kwaminchi

Mkuu umeweka msingi. Mimi naongeza hesabu, maana wengi wanafikiri upungufu wa marubani ni kama upungufu wa walimu: fungua chuo, ongeza wanafunzi, umemaliza. Kwenye ndege za mapigano shida haiko kwenye kuzalisha, iko kwenye kukomaza.

Chukua kikosi kimoja cha F-16. Ndege 24. Kila ndege inahesabiwa marubani 1.25, kwa hiyo marubani 30. Kijana anayefika kutoka mafunzoni anaitwa mgeni hadi afikishe saa 500 kwenye aina ile ya ndege. Iko njia fupi ya aliyekwisha kuruka saa nyingi kwingine, ila hiyo ndiyo kanuni ya kawaida. Mruko mmoja wa mafunzo ni kama saa moja na nusu. Akipata miruko 8 kwa mwezi, ni saa 12. Gawanya 500 kwa 12, unapata miezi 41 na ushee, karibu miaka mitatu na nusu. Muda wa kukaa kituo cha kwanza ni kama miaka mitatu. Maana yake kijana anahamishwa akiwa mlangoni mwa uzoefu, hajaingia.

Sasa punguza. Ndege mbovu, vipuri vimechelewa, kijana anapata saa 8 badala ya 12. Hesabu inaruka hadi miezi 62, zaidi ya miaka mitano. Idadi ya marubani kwenye karatasi haijabadilika hata mmoja, lakini kikosi kimeshazeekea ugeni.

Na mgeni haruki kwa uongozi wake. Katika kundi la ndege nne lazima awepo mzoefu wa kuliongoza, na mwingine wa kuongoza jozi ya pili. Wazoefu wakishuka chini ya nusu ya kikosi, hao wachache wanaruka asubuhi na jioni kuwasindikiza wageni, na usiku wanaandika ripoti. Hao ndio wanaochoka, na hao ndio wanaoandika barua ya kuondoka. Mwaka 1991 Wamarekani walikuwa na vikosi 134 vya ndege za mapigano. Kufika 2017 vilikuwa 55. Walifunga madarasa ya kukomazia, halafu wakashangaa wakomavu wamekwisha.

Nguvumali

Kwa hiyo ukiongeza wanafunzi bila kuongeza ndege, unapunguza saa za kila mmoja?

Kwaminchi

Ndiyo hasa. Uji ni uleule, bakuli zimeongezeka. NATO inataka rubani wa mapigano apate angalau saa 180 kwa mwaka. Ukigawa chini ya hapo, unao watu wenye mabawa kifuani ambao kila mruko wanajikumbusha badala ya kujifunza.

Galanos_F6

Shikamooni wakuu. Niko kidato cha sita. Naomba kuuliza, mstaafu wa miaka 50 aliyerusha ndege za kivita miaka 20 anakosa nini hadi asirudishwe moja kwa moja? Mbona marubani wa ndege za abiria wanaruka hadi 65?

BintiPangani

Marahaba mdogo wangu. Swali zuri, nitalijibu kwa urefu kidogo, maana hapa ndipo watu wanapochanganya mambo mawili.

Kwenye ndege ya abiria rubani amekaa katika hewa iliyoshindiliwa vizuri, ana mwenzake pembeni, na mwili wake haubebi chochote cha ajabu. Viwango vya kimataifa, ambavyo hata TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga kwetu, inavifuata, vinataka cheti cha afya daraja la kwanza. Kwa kawaida kinadumu miezi 12. Ukifika 40 na unabeba abiria ukiwa rubani peke yako, kinakuwa miezi 6. Ukifika 60, ni miezi 6 hata kama mko wawili. Kipimo cha umeme wa moyo hufanywa mara ya kwanza, kisha kila miaka 2 kati ya 30 na 50, kisha kila mwaka. Masikio kila miaka 5 hadi 40, halafu kila miaka 2. Mzee anayejitunza anapita.

Ndege ya mapigano ni habari nyingine. Inapokata kona kali, uzito wa kila kitu unazidishwa, na F-16 inafika mara tisa. Kichwa cha mtu ni kama kilo 5. Kofia na vifaa vyake weka kilo 2. Jumla kilo 7, mara tisa ni kilo 63. Shingo inabeba zaidi ya mfuko mzima wa saruji wa kilo 50, huku rubani amegeuza kichwa kutazama nyuma. Diski za shingo na kiuno cha miaka 50 zimeshakauka kiasi. Zinachanika au zinabana neva. Kijana anaamka na maumivu ya misuli, mzee anaamka mkono umekufa ganzi.

La pili ni damu kuzama miguuni. Ili isikimbie ubongo, rubani anakaza mapaja, matako na tumbo, anavuta pumzi na kuibana, anaitoa na kuivuta haraka kila sekunde 3 hivi. Hiyo ni nguvu ya misuli pamoja na mazoea. Aliyeiacha miaka mitano anaweza kukumbuka maelezo yote, akaanza kubana sekunde moja baadaye kuliko inavyotakiwa. Sekunde hiyo ndiyo ya kupoteza fahamu. Kwa hiyo anarudishwa kwanza kwenye mashine ya kuzungusha, pale ardhini, daktari akimtazama kwenye kioo.

La tatu ni kiti kinachomtupa rubani nje ndege inapoharibika. Kinapiga uti wa mgongo kwa ghafla, na pingili za mifupa iliyopungua madini huvunjika kirahisi zaidi. Jicho nalo, kuanzia miaka 40 na kitu, linachelewa kuhama kutoka vipimo vya mbele kwenda upeo wa macho na kurudi. Miwani inasaidia, ila miwani chini ya kofia na barakoa ya oksijeni inateleza uzito unapoongezeka.

Hakuna kati ya hayo kinachomzuia kufundisha kwenye ndege nyepesi ya mafunzo, kwenye simuleta (mashine ya ardhini inayoigiza kuruka), au kupanga misheni.

Sahare_Baharini

Niwape mfano wa nyumbani. Neno rubani tumelitoa baharini kabla ya angani, na hapa Tanga rubani wa bandari bado yupo: ndiye anayepanda melini kwa ngazi ya kamba na kumwongoza nahodha hadi gatini. Zamani meli kubwa zilitia nanga mbali, matishari yakabeba shehena. Mlango ukachimbwa, kina kikaongezwa kufika mita 13, sasa meli zinafunga gatini. Rubani aliyestaafu kabla ya uchimbaji anajua upepo wa kusi na kaskazi, anajua maji kupwa na kujaa, anajua nahodha mwenye hofu anavyotoa sauti. Lakini ramani ya kina iliyo kichwani mwake ni ya bandari nyingine. Ukimrudisha bila kumpitisha upya pamoja na rubani wa sasa, atageuza meli pale alipozoea kugeuza.

Kwa ndege ni hivyo hivyo. Mkono unakwenda palipokuwa na swichi ya zamani. Aliyestaafu ndege ikiwa na saa za mishale anakuta vioo vitatu na kompyuta yenye kurasa. Hilo ni baya kuliko kutokujua, kwa sababu asiyejua anauliza, na mwenye mazoea anatenda.

Mwambani

Sahare, mfano huo umenifungua macho. Naomba anayejua hatua za kumrudisha mtu angani azipange, tuone zinachukua nini.

BintiPangani

Naziandika kwa mfuatano wa kawaida, majeshi yanatofautiana majina tu.

Kwanza jalada: aliondokaje, cheo gani, ruhusa ya usalama ingali hai? Ruhusa iliyokufa inachunguzwa upya, na hapo miezi hupotea bila mtu kugusa ndege. Wengi wanadhani kuchelewa kunatokana na mafunzo, kumbe ni makaratasi.

Pili daktari wa anga. Wastaafu wengi wanakwama shinikizo la damu, sukari, usingizi wa kukoroma unaokata pumzi, na masikio yaliyochoshwa na injini. Baadhi ya dawa za kawaida za presha zinaruhusiwa, nyingine zinamweka chini hadi mwili uzizoee. Ndiyo maana vipimo vitangulie kabla ya kumhamisha mtu na familia yake.

Tatu, chumba cha hewa nyepesi. Anaonyeshwa tena dalili zake mwenyewe za kukosa oksijeni. Futi 25,000 bila oksijeni mtu ana dakika 3 hadi 5 za akili timamu, na dalili za mtu huweza kubadilika na umri. Hapo pia yanaingia mafunzo ya parachuti na kujiokoa majini.

Nne, darasa: mifumo ya ndege, vikomo, na hatua za dharura za kukariri neno kwa neno. Tano, simuleta, hatua zile zile hadi mkono utii. Sita, miruko na mkufunzi kiti cha nyuma: kupaa na kutua, kuruka kwa vyombo bila kutazama nje, kuruka kwa kundi, usiku. Saba, mtihani wa mkaguzi.

Hatua ya sita ndiyo yenye mtego. Kila mruko wa kumrudisha mstaafu unakula ndege moja, mkufunzi mmoja na nafasi moja ambayo ingekwenda kwa mwanafunzi. Ukimrudisha mtu kwa miruko 15 halafu akae miaka miwili tu, jiulize kama ulichopata kinazidi ulichokula.

Chongoleani

Wakuu, mnasahau kitu kinachoitwa ndege ya mafunzo. Rubani hajaundwa, ndege ya kumfundishia imeshakwama.

T-38 Talon, ambayo Wamarekani wanafundishia marubani wa mapigano, iliingia kazini 1961 na utengenezaji ukasimama 1972. Injini zake ni J85, na upungufu wa vipuri vya injini hizo umepunguza idadi ya ndege zinazoweza kuruka asubuhi. Mrithi wake, T-7A, amechelewa. T-6, ile ya hatua ya kwanza, ilizuiwa kuruka karibu Februari nzima ya 2018 baada ya marubani kupata dalili za kukosa oksijeni. Mtambo unaotengeneza oksijeni ndani ya ndege ulikuwa unatoa kiwango kinachopanda na kushuka. Karibu mwezi mmoja bila kuruka, na mkia wa wanafunzi ukarefuka kila chuo. Lengo la kuzalisha marubani 1,500 kwa mwaka limewapiga chenga miaka mingi.

Uingereza nao waliguswa na injini za ndege yao ya mafunzo, Hawk T2, vijana wakasubiri zamu. Afrika Kusini ina somo kali zaidi: ndege za mapigano Gripen 26, mkataba wa matunzo ukakatika 2021, ndege zikakaa chini. Rubani wa ndege iliyokaa chini anapoteza sifa akiwa ndani ya sare. Hapo umwite mstaafu aje arushe nini?

Na mafundi! Mwaka 2015 jeshi la anga la Marekani lilikuwa pungufu mafundi kama 4,000. Fundi mzoefu akiondoka, ndege iliyokuwa inarudi angani baada ya saa 6 inarudi kesho yake. Mimi ningependa kuona wito wa mafundi wastaafu ukitangulia wa marubani. Fundi wa miaka 58 hahitaji mashine ya kuzungusha. Anahitaji miwani, tochi, na kijana wa kupanda juu ya bawa kwa niaba yake.

Nguvumali

Hili la mafundi lingewekwa juu kabisa ya uzi.

Msambaa_wa_Soni

Nami nitofautiane kidogo na Mwambani. Mnazungumzia kuziba, mimi nauliza maji yanavujia wapi. Tanga tunasema waja leo, waondoka leo. Kwa marubani hawa, kuondoka kumepangiwa tarehe.

Mmarekani akipata mabawa anafungwa miaka 10 ya utumishi. Inapoisha ana miaka 33 au 35, saa za kutosha, na mashirika ya abiria yako mlangoni. Kule kila rubani ana namba ya kutangulia: aliyeingia leo yuko mbele ya atakayeingia kesho, hadi wastaafu wote wawili. Namba hiyo ndiyo inayoamua ndege gani, njia gani, likizo lini, na lini unakuwa kapteni. Kwa hiyo kubaki jeshini miaka mitatu zaidi kunaweza kumweka nyuma ya watu maelfu kwa maisha yake yote ya kazi. Bonasi inashindana na hilo.

Na bonasi wameipandisha kweli. Kikomo kilikuwa dola 25,000 kwa mwaka tangu 1999, sheria ikakipeleka 35,000 mwaka 2017, halafu 50,000 mwaka 2023. Ukilinganisha na gharama ya kumtengeneza mwingine, ni kidogo. Taasisi ya RAND mwaka 2019 ilikadiria rubani mmoja wa F-16 anagharimu dola milioni 5.6 hadi awe na sifa ya msingi, wa F-22 milioni 10.9, wa C-17, ndege ya mizigo, milioni 1.1. Ukimzuia mmoja wa F-22 asiondoke kwa miaka mitano ukimlipa 50,000 kila mwaka, umetumia robo milioni kuokoa karibu milioni 11.

Upande wa mashirika nako kuna sababu. Februari 12, 2009 ndege ya Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo, wakafa watu 50. Baada ya hapo Marekani ikapitisha sheria, na kuanzia 2013 hata rubani msaidizi wa ndege za abiria akatakiwa saa 1,500. Rubani wa jeshi akaruhusiwa kwa 750. Yaani sheria iliyotungwa kwa usalama wa abiria ilimfanya rubani wa jeshi awe mkate wa moto sokoni. Na kwa kuwa mwaka 2007 umri wa kustaafu ulisogezwa kutoka 60 hadi 65, kundi kubwa lililotakiwa kuondoka lilisogea miaka mitano mbele, likaanza kuondoka kwa pamoja.

Kwaminchi

Msambaa, nakubali kuhusu uvujaji. Ila ongeza hili: wengi wanaoondoka wanalalamikia kazi zisizo za kuruka kuliko fedha. Rubani anaruka mara mbili kwa wiki, siku zilizobaki anapanga ratiba, anajaza fomu za mafunzo ya kompyuta, anasimamia maghala. Hapo ndipo mstaafu anapokuwa dhahabu. Mpe ratiba ya kikosi. Anajua kwa nini mgeni asipangwe mruko wa usiku siku moja baada ya likizo. Karani hajui.

Tongoni

Kuna upande wa mstaafu mwenyewe ambao haujaguswa. Akirudi, pensheni yake inasimama wakati anapokea mshahara wa kazini, hachukui mbili. Kama ameajiriwa na shirika la ndege, sheria ya Marekani inamlindia nafasi na namba yake, kwa kawaida hadi miaka 5 ya utumishi. Bila ulinzi wa namna hiyo hakuna mwenye akili timamu atakayejitokeza kwa hiari, na mpango utabaki tangazo.

Na mstaafu asiyehitajika nyumbani anahitajika kwingine. Oktoba 2022 Uingereza ilitoa onyo kwamba marubani wake wa zamani wapatao 30 walikuwa wamekwenda kuwafundisha wanajeshi wa China, malipo yakitajwa kufika pauni 240,000 kwa mwaka. Hawakuhitaji kubeba nyaraka. Namna ya kufikiri ya kikosi, umbali anaoanza kugeuka, anachokihofia: hivyo vyote vimo kichwani. Australia ikatunga sheria mwaka 2024 ya kumtaka mwanajeshi wa zamani aombe kibali kabla ya kufundisha jeshi la nchi ya nje. Sheria ni nzuri, lakini kumpa mtu huyo darasa la kufundisha kwao ni bora zaidi, na kwa maoni yangu ni rahisi zaidi.

Galanos_F6

Nashukuruni sana. Sisi huku tukitaka njia hii tuanzie wapi? Na kwetu wastaafu wanaweza kusaidia nini?

Msambaa_wa_Soni

Mdogo wangu, anza na daktari wa anga kabla hujalipa senti ya ada. Cheti cha daraja la kwanza kutoka kwa daktari aliyeidhinishwa na TCAA. Kipimo cha rangi kwa macho kimevunja ndoto nyingi baada ya wazazi kuuza shamba. Kifanye mapema, ni vitabu vya madoa ya rangi tu. Masomo yako yashike fizikia na hisabati, PCM au PGM. Kiingereza cha anga kinapimwa. Unatakiwa daraja la 4 na kuendelea, na la 4 linarudiwa kila miaka 3.

Kwa njia ya kiraia, leseni ya binafsi ni saa 40, au 35 kwenye kozi iliyoidhinishwa. Ya biashara ni saa 200, au 150 kwenye kozi iliyoidhinishwa. Ya juu kabisa, ATPL, ni saa 1,500, na ndani yake saa 100 za usiku, 75 za kuruka kwa vyombo, 200 za safari za mbali. Angalia Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT), Dar es Salaam. Kwa njia ya jeshi, mlango unaanzia JKT, na mkoa wetu una makambi ya Maramba na Mgambo. Ukipangiwa huko kwa mujibu wa sheria, uliza maofisa utaratibu wa mwaka huo na ufuate tangazo rasmi. Usimlipe mtu yeyote anayedai ana nafasi.

Chongoleani

Kuhusu kwetu, tazama soko. Shirika letu la ndege, ATCL, lilifufuliwa 2016 kwa ndege mbili za Q400, mwaka 2024 likafika ndege 16. Piga hesabu ya ndege moja inayoruka saa 4,000 kwa mwaka: viti viwili ni saa 8,000 za rubani. Kikomo cha Ulaya ni saa 900 kwa mtu kwa mwaka, Marekani 1,000. Gawa kwa 900, unapata marubani karibu 9, kabla ya likizo, ugonjwa, mitihani ya simuleta, na safari ndefu zinazotaka watatu au wanne. Kila ndege inayonunuliwa inavuta marubani kutoka mahali fulani. Nchi inayonunua ndege ipange na wakufunzi siku ile ile.

Utumishi wa umma kwetu ni miaka 55 kwa hiari, 60 kwa lazima, na jeshini umri unafuata cheo, kwa hiyo wapo wanaotoka wakiwa na nguvu zao. Wakati wa Vita vya Kagera jeshi lilipanuliwa haraka kwa JKT, mgambo, polisi na magereza, na likafaulu. Lakini askari wa miguu unamwandaa kwa miezi. Rubani huwezi kumwokota barabarani, ndiyo maana jalada la kila mstaafu wa anga lingefaa kubaki hai: anwani, afya, ndege alizorusha, mara ya mwisho kuruka.

BintiPangani

Hapo kwenye jalada ongeza kipimo cha afya cha kila mwaka kwa gharama ya mwajiri wake wa zamani. Ukimpima mtu mara ya kwanza siku ya dharura, utagundua siku hiyo hiyo kwamba nusu ya orodha yako haifai.

Mwambani

Nimesoma yote, na msimamo wangu nausahihisha mahali pawili. Nilisema meza na kiti cha mkufunzi. Kwa hesabu za Kwaminchi na hatua za BintiPangani, sasa naviweka kwa zamu: kwanza simuleta na darasa, maana hapo mstaafu haali hata mruko mmoja wa mwanafunzi. Pili ratiba na mipango ya kikosi. Tatu, kwa waliotoka ndani ya miaka 5 na wenye afya, ukufunzi kwenye ndege ya hatua ya kwanza, au ndege za mizigo ambako mwili haubebwi mara tisa. Ndege za mapigano, waachiwe walio kazini.

La pili ni mafundi. Chongoleani ana haki, wito wa mafundi wastaafu utangulie wa marubani. Mwenye maelezo ya jinsi fundi mstaafu anavyorudishiwa leseni yake ya kusaini ndege, na nini kinamkwamisha, aandike hapa chini.